Kabla hujakata kichaka, tazama aliyelala humo

Msomaji mpendwa, nikikuuliza leo ni lini ulipomtazama kipepeo kwa mara ya mwisho, utanijibu nini? Sisemi kumwona akipita dirishani, bali kumtazama hadi ukaweza kunieleza ncha za mabawa yake zina rangi gani na alitua juu ya mti upi. Wengi wetu tuliacha mambo hayo siku tulipovua sare ya shule ya msingi. Mjini tunabanwa na nauli ya matatu, kodi ya nyumba, karo na bei ya unga. Kipepeo, twasema, ni wa watoto na watalii.

Mimi pia si mtu wa kukimbizana na wadudu. Hata hivyo, mnamo Novemba 2023 kipepeo mmoja mdogo, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi sana nusu ya kidole cha shahada, aliifanya familia yetu nzima kuketi na kuzungumzia shamba, karo na makaa. Yaliyosemwa siku hiyo yamenikaa moyoni, na naamini yatawafaa wengi walio na kipande cha ardhi mashambani, hasa kile kipande ambacho kila mtu hukiita "pori tu".

KAZI YA LIKIZO

Kisa kilianza na kazi ya shule. Wazazi wenzangu mnaosomesha watoto chini ya mtaala wa umilisi mnaelewa. Tangu ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, mzazi naye amegeuka mwanafunzi. Binti yangu wa miaka tisa alirudi nyumbani shule zilipofungwa akiwa na maagizo ya kumtafuta mdudu, kumpiga picha, kuchora hatua zake za maisha na kubandika yote kwenye karatasi ya manila.

"Si picha ya kutoa kitabuni, Mama," alinisisitizia. "Mwalimu amesema tumwone wenyewe."

Wakati huo tulikuwa tukifunga mizigo kwenda kumwona mama mkwe wangu huko Kambu. Kwa wasiopafahamu, Kambu ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Kibwezi na kabla hujafika Mtito Andei, katika kaunti ya Makueni. Upande mmoja macho hukutana na vilima vya Chyulu. Upande wa pili ardhi huteremka kuelekea Mto Athi, na ng'ambo ya mto huo ndiyo Kitui. Madereva wa malori husimama hapo kunywa chai, kununua matunda na kunyoosha miguu, kisha hushika njia. Ukitazama kutoka barabarani utaona migunga, mibuyu, udongo mwekundu na vichaka vya kijivu visivyo na mwisho, na utaapa kwamba hakuna la maana linaloishi humo.

Huko ndiko alikozaliwa mume wangu. Mimi ni mzaliwa wa Gede, karibu na Malindi, na mbele utaona kwa nini nimelitaja hilo.

NCHI INAYOSUBIRI MVUA

Ili umwelewe kipepeo niliyemkuta, ni lazima kwanza uielewe mvua ya Ukambani. Sehemu za chini za Makueni na Kitui hupata misimu miwili: ile ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo sisi huita vuli. Mgeni anaweza kudhani mvua ya Machi ndiyo kubwa, lakini mkulima wa Kambu atakwambia kwamba tegemeo lake ni ile ya mwisho wa mwaka. Hiyo ndiyo inayojaza gunia.

Basi kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Wataalamu walisema ukame wa namna hiyo haukuwa umeonekana katika eneo letu la Afrika kwa miaka 40. Nakumbuka tulivyokwenda Kambu katika kipindi hicho tukakuta mbuzi wakiwa ngozi na mifupa, na mito ya msimu ikiwa barabara za mchanga mtupu. Kisha ikaja vuli ya mwaka 2023, nayo ikaja na El Niño. Mahali pengi nchini iliharibu madaraja na kusomba nyumba. Lakini katika shamba la mama mkwe wangu, ambaye sote humwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba, ilikuwa kana kwamba ardhi imefungua macho. Kila kijiti kilikuwa na jani. Ndengu zilikuwa zimeota kwa mistari. Na hewani kulikuwa na vipepeo.

Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya machipuko, baada ya baridi kali. Huko Uingereza yuko kipepeo mweupe ambaye dume lake lina ncha za mabawa za rangi ya chungwa. Hukaa ndani ya pupa akiwa amejishikiza kwenye kijiti kipindi chote cha baridi, na anapotokea mwezi wa Aprili watu husema, "Sasa baridi imekwisha." Sisi hatuna baridi ya kuganda wala machipuko ya namna hiyo. Machipuko yetu ni mvua. Na Mungu si Athumani, nasi tunaye wetu wa aina hiyo hiyo, wa ukoo mmoja na yule wa Uingereza: mweupe, mdogo, mwenye ncha za rangi ya chungwa zilizozungushiwa nyeusi. Jina lake la kitaalamu ni Colotis evagore.

Kenya ina karibu aina 900 za vipepeo. Mtaalamu Torben Larsen alichapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1991, na kati ya hao, jamaa wa Colotis ndio wakazi hasa wa nchi kavu kama Kambu. Wako wenye ncha nyekundu, wenye ncha za zambarau na wenye ncha za chungwa. Huyu wetu ni miongoni mwa wadogo kabisa.

SIMBA MWENDA POLE

Siku ya kwanza tulitoka saa sita mchana. Binti yangu alimwona kabla yangu, karibu na ua la mbuzi, akaruka kwa furaha na kumkimbilia. Kipepeo akaenda zake. Hawa wa ncha za chungwa huruka chini chini, karibu na ardhi, wakipenya kati ya vichaka kana kwamba wana haraka ya kuwahi gari. Jua likishawaka sawasawa huwezi kuwafuata. Kila tulipomkaribia alitua mbele kidogo, akatupa sekunde mbili, akaondoka.

Mwaitu alikuwa amekaa kivulini akipepeta mahindi, akatutazama, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mnawinda au mnafukuzwa?" akauliza. Kisha akatupa shauri. "Ng'ombe hukamuliwa asubuhi. Hata huyo mngojeeni asubuhi."

Ushauri huo una ukweli wa kisayansi ndani yake. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la mwili kama mimi na wewe. Usiku ukiwa na ubaridi, asubuhi huamka akiwa mzito, na hana budi kuota jua kwanza ndipo misuli ya mabawa ipate nguvu ya kuruka. Huyafunua mabawa yake kidogo kidogo akilielekea jua, na hapo ndipo huweza kutulia kwa dakika nzima au zaidi. Ukitaka kumpiga picha, huo ndio wakati wako.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, tulikuwa kwenye kipande cha pori kilicho nyuma ya shamba, kando ya korongo. Umande ulikuwa ungali kwenye nyasi. Tulimkuta juu ya jani, mabawa yamefungwa. Chini ya mabawa hayo hakuna chungwa linalong'aa. Ni weupe uliochanganyika na rangi ya mchanga, na asingejitikisa tungempita. Wakati wa kiangazi upande huo wa chini hukaribia zaidi rangi ya udongo mkavu na majani makavu, na wakati wa mvua mistari na mabaka meusi ya juu huongezeka. Ni kipepeo yule yule wa aina moja, ila anayezaliwa kiangazi na anayezaliwa masika hawavai nguo zinazofanana.

Tulipiga magoti. Jua likapanda juu ya migunga. Akafungua mabawa. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu, asiseme neno.

Kwa faida ya wazazi ambao watatumwa kazi kama hiyo, haya ndiyo tuliyojifunza kwa simu ya kawaida, bila kamera ya bei.

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Picha nyingi mbaya ni za mafuta ya vidole. Pili, angalia kivuli chako. Kipepeo akiona giza limempitia hudhani ni ndege, naye haulizi mara mbili. Jiweke upande ambao jua halikurushi kivuli juu yake. Tatu, piga picha ya kwanza ukiwa mbali ili usikose kabisa, kisha sogea hatua moja, piga, sogea tena. Usivute picha kwa simu, bali vuta magoti yako. Nne, banza viwiko kwenye mbavu ili mikono isitetemeke, na ushuke hadi usawa wa macho ya mdudu. Ukimpiga kutoka juu atafanana na karatasi iliyoanguka. Tano, mpige mabawa yakiwa wazi na pia yakiwa yamefungwa, kwa sababu wataalamu huhitaji pande zote mbili ili wamtambue. Na la sita, ambalo watu husahau, piga picha ya mti aliotua. Nitakueleza sababu yake.

Ukimkosa vichakani, nenda mtoni. Baada ya mvua, mchanga wa Mto Kambu hubaki na unyevu mahali mahali, na hapo utawakuta vipepeo dume wamekusanyika kama wazee barazani, wakifyonza maji ya tope. Hawafuati maji peke yake. Wanatafuta chumvi, ambayo haimo ya kutosha katika maua, na sehemu ya chumvi hiyo dume humpa jike wakati wa kupandana. Wakiwa katika kazi hiyo hushughulika hata wakasahau kuogopa watu. Tulipiga picha kumi na nne hapo. Kwa hakika, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

ISIVU NA WENZAKE

Tulipokuwa tukirudi, binti yangu aligundua kitu ambacho mimi sikukiona. Kipepeo mmoja alikuwa akiruka kuzunguka kichaka kimoja tu, akitua na kuondoka, akitua na kuondoka. Vichaka vingine alivipita kana kwamba havipo. Tulipochungulia tukaona yai dogo kwenye jani changa, limesimama wima peke yake.

Nilimwita Mwaitu. Alikitazama kichaka, akasema, "Hiyo ni isivu."

Isivu ni mti mdogo wenye majani magumu ambayo hayapukutiki hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Umo katika jamii ya mimea ambayo wataalamu huiita Capparaceae. Vichaka vya jamii hiyo ndivyo chakula cha viwavi wa Colotis, pamoja na vipepeo wengine weupe ambao baada ya mvua huonekana wakivuka nchi kwa makundi makubwa. Majani yake yana ukali fulani, ule ule unaouma ulimi kwenye haradali, na kwa kiasi kidogo kwenye sukuma wiki na kabeji. Ukali huo uko pale kuwafukuza wadudu. Lakini vipepeo weupe walijifunza kuuvumilia tangu zama za kale, na sasa wanautumia kama anwani. Jike huonja jani kwa miguu yake. Akikosa ladha hiyo, hatagi.

Fikiri maana yake, msomaji. Kipepeo mzima anaweza kunywa asali ya ua lolote. Lakini mtoto wake ana sahani moja tu. Ukikata kile kichaka, hujamuua kipepeo anayeruka mbele yako. Yeye utamwona siku hiyo na labda kesho yake. Umemnyima mjukuu. Mvua itakuja mwaka ujao, maua yatachanua, na hakuna atakayetokea. Nawe utasema mvua za siku hizi hazina vipepeo.

Yai huanguliwa baada ya siku chache. Kiwavi ni wa kijani kama jani lenyewe, hula, hujivua ngozi mara kadhaa, kisha hujifunga kwa uzi kwenye kijiti na kuwa pupa. Binti yangu aliposikia neno hilo alicheka, kwa kuwa shuleni wamefundishwa kwamba pupa ni tamaa na haraka. Huyu wa kwetu hana haraka hata kidogo. Hali ya hewa ikiwa nzuri, kutoka yai hadi kipepeo huchukua wiki tatu au nne hivi.

Mwaitu aliendelea kutufundisha. Katika ile miaka ya ukame, alisema, nyasi zilipokwisha na migunga ikabaki miiba, isivu ndiyo iliyobaki na majani, na mbuzi wake wanne waliopona walipona kwayo. Wazee wa zamani walichemsha tunda lake mara nyingi, wakimwaga maji ili uchungu uishe, wakala wakati wa njaa. Yuko na jamaa yake mwingine wa karibu, ambaye Mwaitu humwita munatha, ambaye mizizi yake hutiwa ndani ya maji ya tope hadi tope likashuka chini na maji yakawa safi. Na mizinga yake mitatu ya nyuki ilikuwa hapo hapo, kwenye mgunga uliosimama katikati ya vichaka hivyo.

Nilikuwa nimekwenda kumtafutia mtoto mdudu wa kubandika kwenye manila. Nikajikuta nimesimama ndani ya ghala.

KARO NA MAKAA

Jioni ile shemeji yangu alitoka sokoni na habari. Alikuwa amempata mnunuzi wa makaa. Kipande kile cha pori, kama ekari mbili, kingefyekwa chote baada ya mvua, miti ichomwe makaa, na ardhi ilimwe ndengu msimu unaofuata. Bintiye wa kwanza alikuwa amepata nafasi chuoni na karo ya kwanza ilitakiwa mwezi wa Januari.

Nataka umwelewe shemeji yangu, kwa maana ni rahisi mtu wa Nairobi kumwona mharibifu. Ni mtu mwenye bidii. Yeye ndiye anayekaa na mama yetu, anayempeleka hospitalini, anayetengeneza ua la mbuzi sisi tukiwa mjini tunatuma pesa za mpesa na salamu. Ndengu zina soko. Makaa yana soko. Binti yangu alipomwonyesha picha ya kipepeo kwenye simu, akamweleza habari za yai na isivu, aliitazama kwa muda mrefu, akamsifu, kisha akasema kwa upole, "Ni mzuri sana, mwanangu. Lakini dada yako hawezi kumpeleka huyu kwa mhasibu wa chuo."

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Alisema kweli.

Hapo ndipo nilipowaeleza habari za kwetu Gede. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kando ya kijiji chetu, una ukubwa wa kilomita 420 za mraba hivi, na ni mabaki makubwa ya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, majirani wengi wa msitu huo hawakuupenda. Tembo na nyani walitoka humo wakala mahindi, na watu walitaka ugawanywe uwe mashamba. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo hapo Gede. Wanakijiji walifundishwa kupata vipepeo wazazi, kuwafugia ndani ya vyandarua, kulisha viwavi majani ya miti wanayoitaka, na kuuza pupa. Pupa hizo hufungwa kwa uangalifu na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, ambako huanguliwa katika nyumba za maonyesho na watu hulipa kiingilio kuwatazama. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka kina mama wa jirani wakilinunua daftari na sare kwa pesa za pupa.

Sikuwaambia watu wa Kambu wafuge vipepeo. Wanunuzi wa ng'ambo hupenda vipepeo wakubwa wa msituni, na huyu wetu mdogo wa nchi kavu hangewavutia. Nilichotaka waone ni jambo lingine. Gede haikuupenda msitu kwa kuhubiriwa kuhusu uzuri wake. Iliupenda msitu ulipoanza kuchangia karo. Anayetaka kichaka kibaki ni lazima aulize kwanza ni nani anayelipa gharama ya kukiacha.

Mwaitu, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyesema la mwisho. "Mbuzi wanne walibaki," alisema. "Hamkuniletea majani kutoka Nairobi. Ni isivu iliyowalisha." Akamgeukia shemeji. "Na mjukuu wangu ni lazima aende chuoni. Sasa hesabuni."

Tukahesabu. Tulikaa hadi saa nne usiku tukiwa na kalamu na kipande cha karatasi. Mwishowe tuliafikiana kwamba sehemu ya tambarare ilimwe ndengu, ila miti mikubwa iachwe. Ukingo wa korongo, pamoja na vichaka vya isivu na mgunga wa mizinga, usiguswe, kwa kuwa hata hivyo udongo wa hapo ungesombwa na maji mara tu mizizi ikitoka. Magunia ya makaa yakapungua zaidi ya nusu. Pengo la karo lililobaki, mimi na mume wangu tukakubali kulijaza, na kwa ajili hiyo tukaahirisha kununua sofa tuliyokuwa tumeipigia hesabu tangu Pasaka.

Sikufurahia sana kuagana na sofa ile. Lakini niliona haki yake. Haiwezekani mimi nije Kambu kwa siku nne, nimpige kipepeo picha, nimwambie mkulima asikate kichaka, kisha nirudi mjini na kumwachia yeye peke yake hasara ya kukitunza.

Shemeji alikubali kwa roho safi, ila alisema wazi kwamba mvua zikikosekana tena misimu mitano na karo ikosekane, atalirudisha suala hilo mezani. Nami sikumbishia. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini pia akiba ni ya kutumiwa dhiki inapofika. La muhimu ni kuwa wote sasa wanajua kwamba ile ni akiba, wala si pori.

WEWE JE?

Huenda nawe, msomaji, una kipande kama hicho huko kwenu, iwe ni Mwingi, Voo, Taveta au Handeni. Kipo nyuma ya shamba, kina miiba, na kila mwaka unasema utakisafisha. Sikukatazi. Shamba ni lako na matumbo ya kulishwa ni yako. Lakini mvua ya kwanza ikishanyesha, subiri wiki tatu. Kisha chukua mtoto mmoja na simu moja, mwende asubuhi kabla jua halijakolea, mpige magoti, mtazame.

Muulize mzee aliye karibu nawe jina la kila kichaka ambacho kipepeo ametua na kurudi, kwa sababu majina hayo nayo yanakufa, na mara nyingi pamoja na jina hufa matumizi yake. Andika jina chini ya picha. Uliza mbuzi walikula nini mwaka wa njaa. Uliza nyuki hupata wapi maua ya kiangazi. Ukishapata majibu hayo, fanya hesabu yako kama tulivyofanya sisi, ukiweka ndengu upande mmoja na mengine upande wa pili. Na kama kuna ndugu aliye mjini anayependa sana mazingira, mwalike naye kwenye kikao, aje na mkoba wake.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili kwamba mvua imekuta kitu kingali hai ni yule mweupe mdogo mwenye ncha za chungwa, anayepita chini chini kati ya vichaka. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Panga halina haraka. Litakungoja hadi uishe kutazama.